Barabara za mchepuko milimani: mlima uchunguzwe kwanza, na fedha za kuendesha handaki zijulikane mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nichangie mjadala ambao huibuka kila inapotangazwa nia ya kujenga barabara ya mchepuko ya kuukwepa mlima mkali, kwa kupitisha magari ndani ya mahandaki na juu ya madaraja marefu. Kwa kawaida mjadala huo huzunguka mambo mawili tu, yaani mradi utagharimu kiasi gani na utakamilika lini. Ni maswali ya haki, kwa kuwa anayelipa ni mwananchi. Hata hivyo, yapo maswali mengine mawili ambayo husikika kwa nadra, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua kama barabara hiyo itaokoa maisha au itageuka mzigo: mlima umechunguzwa kwa kina gani kabla ya bei kutajwa, na fedha za kuliendesha handaki kwa miaka yote ya uhai wake zitatoka wapi. Mradi usio na majibu ya maswali hayo, hata kama unahitajika kwa dhati, haustahili kutiwa saini.

Haja yenyewe haina ubishi. Lori lenye shehena kamili linaposhuka mteremko mrefu, uzito wake wote hulisukuma mbele, na dereva ambaye hakuingiza gia nzito mapema hubaki akitegemea breki peke yake. Baada ya kilomita chache breki hupata moto, harufu ya kuungua huingia hadi kwenye kabini, moshi huanza kutoka kwenye magurudumu, na hatimaye dereva hukanyaga hadi mwisho bila gari kupunguza mwendo. Hapo hata kubadili gia ni hatari, kwani gia ikishatoka kwa kasi ile hairudi tena. Upande wa kupanda nako hali si nzuri: semitrela hukwea kwa mwendo wa mtu anayetembea, foleni hurefuka nyuma yake, na mwenye gari dogo aliyechoka kusubiri huamua kulipita kwenye kona ambayo haoni mbele. Likiharibika lori moja, utingo hushuka mbio na jiwe kulizuia tairi lisirudi nyuma, na njia nzima hufungwa kwa saa nyingi. Mvua ikinyesha, mlima wenyewe huteremsha mawe na tope. Alama za tahadhari, vituo vya ukaguzi wa breki na njia za kuponea malori yaliyoshindwa kusimama vyote hupunguza maafa, na visiachwe, lakini haviondoi mteremko.

Mchepuko unaopita chini ya mlima huuondoa. Nchini Afrika Kusini, handaki la Huguenot, lenye urefu wa takriban kilomita 3.9, lilifunguliwa mwaka 1988 kwenye barabara kuu ya N1 kati ya Paarl na Worcester, likafupisha safari kwa kilomita 11 na kuyaepusha magari na kona za mlimani za Du Toitskloof. Nchini Italia, barabara kuu ya A1 kati ya Bologna na Florence ilipita juu ya safu ya milima ya Apennine tangu mwaka 1960, kwa miinuko iliyowasumbua madereva wa malori kwa zaidi ya nusu karne, hadi ulipofunguliwa mchepuko wa Variante di Valico Desemba 2015. Mchepuko huo ni mlolongo wa mahandaki na madaraja, na umeshusha kilele cha njia kwa zaidi ya mita 200. Kwa dereva wa lori, mita 200 ambazo halazimiki kuzipanda wala kuzishuka ni mafuta, ni muda, na ni breki ambazo hazikupata moto.

Wapo wanaohoji kwa nini madaraja nayo yawe mengi na marefu, ilhali handaki peke yake ni ghali. Jibu liko kwenye mwinuko. Lori lililojaa hupoteza mwendo haraka hata kwenye mwinuko unaoonekana mdogo, na ndani ya handaki lori linalojikongoja hutoa moshi mwingi mahali ambapo hewa haina pa kukimbilia. Ndiyo maana kanuni za usalama za Umoja wa Ulaya za mwaka 2004 haziruhusu handaki jipya la barabara kuu kuwa na mwinuko unaozidi asilimia 5, isipokuwa pale ambapo sura ya ardhi haitoi njia nyingine. Barabara ikishalazimika kubaki karibu na usawa mmoja, haiwezi kuteremka katika kila bonde na kupanda tena, kwa hiyo hutoka kwenye handaki moja, ikavuka bonde juu ya nguzo, ikaingia kwenye handaki jingine. Anayependekeza daraja liondolewe ili kuokoa fedha anapendekeza, pengine bila kujua, kurudisha ule mteremko uliokuwa ukikwepwa.

Sasa nije kwenye swali la kwanza. Uchunguzi wa mlima unapofanywa kwa uzito unaostahili, mitambo ya kuchoronga hupelekwa juu ya mstari wa handaki na kutoa vipande vya mwamba vyenye umbo la mche duara, ambavyo hupangwa kwa mfuatano ndani ya masanduku ya mbao na kuandikwa kina vilikotoka. Mtu yeyote akisimama mbele ya masanduku hayo anaweza kuona jambo ambalo hotuba haiwezi kumweleza. Katika sanduku moja mwamba umetoka mzima, kipande kirefu baada ya kipande kirefu. Katika sanduku linalofuata, mita chache tu kwenda chini, yamo mawe yaliyopondeka yaliyochanganyika na udongo wa mfinyanzi, na pengine pengo tupu ambapo mtambo haukupata cha kushika. Mwanajiolojia huvipima vipande vyenye urefu wa sentimita 10 na kuendelea, akavijumlisha, kisha akalinganisha jumla hiyo na urefu wote uliochorongwa. Asilimia anayoipata ni miongoni mwa vipimo vinavyomwongoza mhandisi kuamua kama kuta za handaki zitashikiliwa kwa nondo za kufungia mwamba na tabaka jembamba la zege la kupulizwa, au zitahitaji matao mazito ya chuma na uchimbaji wa hatua fupifupi. Mita moja ya handaki katika mwamba mbovu inaweza kugharimu mara kadhaa ya mita moja katika mwamba mzuri, na inaweza kuchukua siku nyingi badala ya saa chache. Bei iliyotangazwa kabla ya masanduku hayo kujaa haina msingi wa kuaminika.

Mifano ya kilichotokea pale mlima ulipowashangaza wajenzi si ya kutafuta. Nchini India, handaki la Atal chini ya njia ya milimani ya Rohtang, lenye urefu wa takriban kilomita 9 na lililo juu ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, lilianza kujengwa mwaka 2010 kwa matumaini kwamba lingekamilika mwaka 2015. Lilifunguliwa Oktoba 2020. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokana na eneo moja la mwamba uliovunjika chini ya kijito cha Seri, ambapo maji yalifurika ndani ya uchimbaji bila kukoma, na kipande kisichofika mita 600 kikala miaka kadhaa ya kazi. Leo handaki hilo limefupisha safari kati ya Manali na Leh kwa kilomita 46, na hakuna anayejutia kujengwa kwake, lakini nchi yenye mfuko mdogo ingeweza kuishia na shimo lisilo na upande wa pili.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 12 Novemba 2023, sehemu ya handaki la barabara la Silkyara, katika jimbo la Uttarakhand nchini humohumo, iliporomoka na kuwafungia ndani wafanyakazi 41. Walikaa humo siku 17. Walipelekewa hewa, chakula na dawa kwa bomba, huku mtambo mkubwa wa kutoboa ukikwama na kuvunjika kwenye vyuma vilivyoanguka pamoja na kifusi. Mwishowe mita za mwisho zilichimbwa kwa mikono na mafundi waliozoea kutambaa na kuchimba kwenye mashimo membamba, na wote 41 walitolewa wakiwa hai. Ujasiri wa mafundi wale unastahili heshima yote, lakini kinachopaswa kutusumbua ni kwamba katika handaki la urefu ule hapakuwa na njia nyingine ya kutokea wakati kazi ikiendelea. Watu wanaoingia chini ya mlima kila alfajiri kutujengea barabara wana haki ya kuwekewa bomba la kujiokolea nyuma ya mahali wanapochimba, na gharama yake iwemo kwenye mkataba tangu mwanzo, isiachwe kwa hiari ya mkandarasi anayetafuta pa kupunguza.

Najua nitajibiwa kwamba uchorongaji hauwezi kuonyesha kila kitu, na hilo ni kweli kabisa. Mlima ukiwa mrefu sana juu ya handaki, mashimo ya uchunguzi huwa machache na yenye gharama kubwa, na kati ya shimo moja na jingine hubaki kukisia. Lakini hiyo ni sababu ya kuongeza uchunguzi. Mahali pagumu huchimbwa kwanza handaki dogo la majaribio, ambalo baadaye hutumika kupitishia maji au kuokolea watu. Mashine hutanguliza mashimo marefu mbele ya uso unaochimbwa ili maji na mwamba mbovu vijulikane kabla ya kufikiwa. Na mkataba huandikwa kwa uwazi ukieleza hali ya mwamba iliyotarajiwa, ili ikikutwa tofauti pande zote mbili zijue nani analipa nini. Mkataba unaomtwisha mkandarasi hatari yote ya ardhi huonekana mtamu siku ya kusainiwa, kisha huishia mahakamani, mitambo ikiota kutu mlangoni mwa handaki.

Upo pia uchunguzi wa maji, ambao mara nyingi hupewa kurasa mbili za mwisho katika ripoti ya mazingira. Handaki lisipozibwa vizuri huvuta maji ya mlima kama mfereji. Nchini Norwe, uchimbaji wa handaki la reli la Romeriksporten katika miaka ya 1990 ulishusha maji ya maziwa yaliyokuwa juu yake, na kazi ya kuziba mianya ikachelewesha ufunguzi. Wanaoishi juu ya mstari wa handaki na kutegemea chemchemi wanapaswa kupimiwa chemchemi zao kabla ya kazi kuanza, msimu wa mvua na wa kiangazi, ili zikikauka wawe na ushahidi mkononi wa kudai fidia.

Swali la pili, la uendeshaji, ndilo linalonikera zaidi kwa jinsi linavyopuuzwa. Barabara ya kawaida ikikosa matengenezo kwa mwaka mmoja hupata mashimo, na magari huendelea kupita yakiyakwepa. Handaki refu halina uvumilivu huo. Linahitaji feni zinazofanya kazi mchana na usiku, taa, umeme kutoka vyanzo viwili tofauti, mabomba ya maji ya kuzimia moto, simu za dharura, kamera, chumba cha udhibiti chenye watu walio macho, na kikosi cha zimamoto kinachoweza kufika kwa dakika chache. Vyote hivyo vina gharama za kila mwezi, na vipuri vyake huchakaa mapema kuliko zege.

Tarehe 24 Machi 1999, lori lililobeba majarini na unga liliwaka moto katikati ya handaki la Mont Blanc, lenye kilomita 11.6 kati ya Ufaransa na Italia. Watu 39 walifariki, na moto uliwaka kwa zaidi ya siku mbili. Shehena ile haikuwa petroli wala kemikali, ilikuwa bidhaa ya dukani, na hilo peke yake linatosha kumfikirisha anayedhani kwamba hatari inaletwa na matangi ya mafuta tu. Handaki lilikuwa na vyumba viwili vya udhibiti, kimoja kila upande wa mpaka, ambavyo havikuongozwa na mamlaka moja. Magari yaliendelea kuingia moshi ukiwa umeshaanza. Na waliokimbilia vyumba vya hifadhi hawakuwa na njia ya kutoka humo kuelekea nje. Handaki lilifungwa miaka mitatu. Lilipofunguliwa tena mwaka 2002 uongozi ulikuwa umeunganishwa na vyumba vya hifadhi vimepewa njia ya kutokea. Miaka miwili na nusu tu baada ya maafa hayo, Oktoba 2001, malori mawili yaligongana ndani ya handaki la Gotthard nchini Uswisi na watu 11 wakafariki kwa moto na moshi, na hii ilikuwa katika handaki lenye njia ya usalama pembeni ambayo iliwaokoa wengi. Tangu wakati huo malori huruhusiwa kuingia Gotthard kwa idadi inayodhibitiwa na kwa nafasi kati ya moja na jingine.

Kwa hiyo msafiri aulizwapo kama anataka handaki la njia mbili zinazokabiliana ndani ya tundu moja, au mahandaki mawili yaliyounganishwa kwa milango ya dharura, asidhani anaulizwa kuhusu anasa. Katika mahandaki mawili, moto ukizuka upande mmoja, upande wa pili ndio mlango wa kutokea. Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili kwa sasa, basi njia ya watu kukimbilia kwa miguu ichimbwe pamoja na handaki la kwanza, na isiahirishwe hadi awamu ambayo tarehe yake haijulikani.

Uendeshaji pia ni ukaguzi wa mambo madogo. Nchini Japani, tarehe 2 Desemba 2012, vibao vizito vya zege vya dari vilianguka ndani ya handaki la Sasago, lililokuwa limefunguliwa mwaka 1977, na watu 9 wakafariki. Boliti zilizoshikilia dari kwenye paa la handaki zilikuwa zimelegea. Kwa miaka mingi ukaguzi wa sehemu ile ulifanywa kwa kutazama kutoka chini, badala ya fundi kupanda na kuigonga kila boliti kwa nyundo na kuisikiliza, kwa maana boliti iliyoshika na iliyolegea hazitoi sauti moja. Baada ya hapo Japani iliagiza kila handaki na kila daraja la barabara likaguliwe kwa karibu kila baada ya miaka mitano. Madaraja nayo hayako salama kwa sababu tu yanaonekana imara: daraja la Morandi mjini Genoa, lililofunguliwa mwaka 1967, liliporomoka Agosti 2018 na kuua watu 43. Fundi mwenye nyundo, ngazi na mshahara unaolipwa kwa wakati ni sehemu ya barabara sawa na lami, na bajeti isiyomtaja haijakamilika.

Kuhusu barabara ya zamani nina neno fupi. Isitelekezwe siku mchepuko unapofunguliwa. Nchini Vietnam, handaki la Hai Van, lenye zaidi ya kilomita 6, lilifunguliwa mwaka 2005, na barabara ya juu ya mlima imebaki ikitumiwa na pikipiki pamoja na malori ya mafuta yasiyoruhusiwa kuingia handakini. Italia nayo iliacha njia ya zamani ya A1 wazi sambamba na mchepuko. Handaki likifungwa kwa ajali au matengenezo, nchi isiyo na njia ya akiba hukatika vipande viwili. Pale tu ambapo mlima wenyewe unaisukuma barabara baharini, kama ilivyokuwa kwenye pwani ya California mahali paitwapo Devil's Slide, ndipo busara ni kuyaondoa magari kabisa. Huko mahandaki mawili ya Tom Lantos yalifunguliwa mwaka 2013 yakitanguliwa na madaraja mawili, na barabara ya zamani ikageuzwa kuwa njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Nautaja mradi huo kwa sababu nyingine pia. Mamlaka ya barabara ilikuwa imeazimia kwa miaka mingi kujenga barabara pana ya juu kuukata mlima, na wananchi wa wilaya ile ndio waliopiga kura mwaka 1996 wakachagua handaki. Walipewa taarifa, wakazisoma, wakaamua, na mahandaki yao leo yanapitisha magari.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba kila mradi wa aina hii unapofikishwa kwa wawakilishi wa wananchi, pamoja na michoro ya rangi iwekwe hadharani ripoti ya uchorongaji ikionyesha mashimo mangapi yamechimbwa na wapi, na liwekwe pia jedwali la gharama za uendeshaji kwa angalau miaka 30, likitaja chanzo cha fedha hizo, iwe ni tozo ya barabara au mfuko maalumu usioweza kuguswa kwa matumizi mengine. Gazeti lako lina waandishi wanaoweza kuzidai nyaraka hizo kabla ya siku ya kutia saini, na wasomaji wako tuko tayari kuzisoma.

Wako,
Msomaji